Boothia Haina Mti

Jumapili, 27 Aprili 2025

Leo kanisa limemuaga Naftali. Wamemwekea mikono kichwani, mingi mno, mpaka shingo ya mume wangu ikaingia mabegani kama ya kobe. Anakwenda Rasi ya Boothia, kaskazini kabisa ya Kanada, kuwa muuguzi wa kambi ya wanajiolojia wanaopima miamba huko. Hadi mwisho wa Agosti. Askofu Eric amesema hajawahi kusikia Mkenya aliyekanyaga nchi hiyo — basi wa kwanza atatoka Hopkins, hapa Minnesota, na tena atatoka kwetu! Vigelegele. Lois, mwenyekiti wa akina mama, amelia mpaka wigi limeteleza.

Akina mama wamemnunulia buti. Nyeupe, kubwa kama mitumbwi, ndani manyoya. Lois amezibeba hadi madhabahuni kwa mikono miwili. Sijawahi kuona viatu vikipewa heshima hiyo na watu ambao hata padri wakimkaribisha humvulisha viatu mlangoni.

— Mama Natasha, sasa wewe ni mke wa mpelelezi, akaninong'oneza.

Nikamwambia asante. Hakuna aliyeniuliza kama naitaka hiyo kazi.

Mwaka jana nilimuuliza Naftali: baridi ya Minnesota imekupungukia nini? Akasema mtu lazima afanye jambo moja maishani ambalo si zamu. Nikamwachia. Ilikuwa sentensi nzuri, na Naftali hana nyingi.

Jumanne, 29 Aprili

Ameondoka asubuhi. Rigobert ndiye aliyempeleka — rafiki yake Mkongomani, walikuwa zamu moja zamani. Siku hizi anasafisha ndege pale uwanjani na anakaa Richfield, karibu kiasi kwamba ndege zikiruka vikombe vyake vinacheza.

Natasha alimkumbatia babake hakutaka kumwachia. Ana miaka kumi na miwili. Nilimwambia amwombee baba. Akajibu kwa Kiingereza kwamba ameshamwombea, kimoyomoyo. Hata maombi yake sasa sijui ni ya lugha gani.

Jumapili, 4 Mei

Amepiga! Amefika. Sauti tu, picha hapana, netiweki ya setilaiti. Kukoje? Baridi, anasema. Theluji. Watu wazuri.

Baridi, theluji, watu wazuri. Hiyo nami ningeweza kuisema nikiwa jikoni hapa.

Jumamosi, 10 Mei

Kwa kuwa mume hasimulii, nimekwenda maktaba. Kazini napika uji wa wazee wasio na meno, kichwa kinabaki bure siku nzima. Bora nikipe kitu cha kutafuna.

Boothia, basi. Ni kidole cha mwisho cha bara hili. Ukiwa na ukaidi wa kutembea kutoka Panama mpaka ardhi ikuishie kaskazini, itakuishia hapo, kwenye mlango-bahari mwembamba wenye mkondo mkali, na ng'ambo ni kisiwa. Nayo yenyewe imekaribia kuwa kisiwa: imeshikwa na bara kwa shingo nyembamba iliyotobolewa na maziwa. Hakuna mti. Msitu umekata tamaa mbali sana kusini. Mimea inatambaa chini, haifiki goti, inaogopa kuonekana.

Na jina! Nahodha mmoja Mskoti, John Ross, alifika mwaka 1829 kwa gharama za tajiri wa kutengeneza pombe ya jin. Tajiri aliitwa Booth. Nchi nzima ikapewa jina la mwuza pombe. Nimecheka peke yangu, mkutubi akanitazama. Wiki ya pili sasa kanisa letu, ambalo mtu akinusa bia anatengwa, linafunga na kuomba kwa ajili ya Boothia.

Wenyeji walimchorea Ross ramani ya pwani yao, ghuba kwa ghuba. Yeye anaitwa mvumbuzi. Wao wanaitwa wenyeji.

Sitamwambia Askofu habari za jin. Naiweka. Kuna siku itanifaa.

Jumapili, 18 Mei

Askofu alinisimamisha ghafla: mama, tupe ripoti ya Kaskazini! Mimi! Ningesema nini — baridi, theluji, watu wazuri? Nikatoa ya maktaba. Nikawaambia kuna ng'ombe wa huko, manyoya yao yanaburuta chini, wakiona mbwa mwitu wanapanga duara, pembe nje, ndama katikati. Kanisa likalipuka.

— Hilo ndilo kanisa! Askofu akapiga kelele. Pembe nje, ndama katikati!

Watu walikuja kunishika mkono. Miaka kumi na minne nipo kwenye kanisa hili, nimeosha sufuria za harusi zao na za matanga yao, leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza ninafikiri nini.

Walidhani Naftali ndiye aliyeniambia. Sikusema ndiye. Sikusema siye.

Alhamisi, 29 Mei

Amepiga saa tatu na nusu usiku. Nilikuwa nakunja nguo. Akaongea, akaongea — leo alikuwa na maneno. Mwishoni akasema: haya, wacha nilale, huku giza limeshaingia, nyota ni nyingi kama kwetu.

Nikasema lala salama.

Nikakaa kitandani na soksi moja mkononi.

Boothia jua halizami sasa. Lilikataa kuzama katikati ya mwezi huu na litakaa juu mpaka Julai inaelekea kuisha. Linazunguka tu pembeni mwa mbingu kama mlevi anayetafuta mlango. Hakuna giza. Hakuna nyota hata moja.

Sisi watu wa ikweta, saa zetu zimefungwa kwenye jua. Linachomoza, tunaanza kuhesabu. Linazama, tunaanza tena. Saa moja ni saa moja tangu Adamu. Mzungu angetaka kudanganya angelikumbuka jua kwanza. Mtu wa kwetu Maragoli hata akidanganya, jioni lazima giza liingie.

Nilichungulia dirishani. Hopkins giza lilikuwa limeingia. Nyota chache.

Ijumaa, 30 Mei

Labda alikosea. Labda alikuwa ndani, mapazia yamefungwa, akasema kwa mazoea. Mke mwema huanza na labda.

Nikamwandikia: Natasha anataka picha ya nje. Ilichukua muda mrefu, setilaiti gani hiyo. Ikaja: theluji safi, jua la jioni, na misonobari mitatu mirefu kama minara ya simu.

Misonobari!

Natasha akasema kwa Kiingereza ni nzuri sana, akaiweka kwenye simu yake, amewaonyesha marafiki zake wote. Nami nilisema ni nzuri.

Jumapili, 1 Juni

Nilitaka kukataa ripoti. Nilikuwa nimeshaandaa kikohozi. Lakini mbele yangu walikuwa wameketi watu waliokuja mapema — mapema! Wakenya! — wakinitazama kama watoto wanaosubiri andazi.

Nikasimama. Nikawaambia tarehe kama ya leo, mwaka 1831, mpwa wa Nahodha Ross alifika pwani ya magharibi ya Boothia na sindano ya dira yake ikasimama wima, ikielekeza chini ya miguu yake. Ncha ya sumaku ya dunia! Wakapandisha bendera, wakashangilia. Lakini ncha haina adabu, haikai. Ilianza kuhama, siku hizi imekwenda upande wa Siberia. Bendera ilipandishwa mahali ambapo kitu kilikuwa njiani kuondoka.

— Lakini Bwana hahami! akasema Askofu.

— Hahami! wakajibu.

Nami nilisema hahami, sauti kubwa kuliko wote, nikimfikiria bwana mwingine kabisa.

Jumatano, 4 Juni

Nimempata.

Sikuhitaji akili nyingi. Kila simu yake ilikuwa na ngurumo nyuma — jenereta ya kambi, alisema. Jenereta inayokuja, inapita juu, inapungua, inakwenda zake. Nikatoka kazini mchana, nika-drive Richfield kwa Rigobert. Ghorofa ya pili. Korido ina zulia la rangi ya chai iliyomwagika. Na pale nje ya mlango, zimepangwa vizuri pamoja, vidole kwa ukuta, kama kwa watu waliolelewa — buti nyeupe. Za madhabahuni.

Mtu anaweza kuidanganya dunia nzima, lakini viatu atavua nje.

Rigobert akafungua. Uso wake ulikwenda huku na huku.

— Ah, Mama Natasha! Karibu... mais, lakini ungepiga simu kwanza.

— Nimpigie nani, Rigobert? Boothia?

— Mama, mimi sina maneno. Bwana yako iko ndani. Mimi nilisema naye tangu siku ya kwanza, Naftali, hii si bien. Hasikii.

Alikuwa kwenye kochi, na fulana ya ndani tu, sahani ya fufu gotini. Hakuinuka. Alisema tu: Velma. Kama mtu anayesoma jina kwenye kaburi.

Nilikuwa nimepanga matusi, barabara nzima ya kuja. Lakini alianza kusimulia kabla sijakaa, na nikasikiliza, laana ya masikio yangu. Alifika Yellowknife, mji wa kaskazini mwa Kanada, kweli. Wakapandishwa ndege ndogo ya kutua kwenye barafu. Saa nyingi. Akachungulia dirishani.

— Hakuna kitu, Velma. Nilidhani nitaona mlima, nitaona dubu, nitaona hata moshi. Hakuna. Nyeupe imeshikana na nyeupe. Kwetu Maragoli ukikohoa usiku jirani anakwambia pole. Pale hata ukifa nani atasema pole?

Ukungu ukawarudisha. Asubuhi iliyofuata wakaitwa tena kupanda. Wenzake wakapanda. Miguu yake ikakataa.

— Nilijaribu. Iliganda tu. Rubani akaniuliza mara ya pili, halafu akafunga mlango.

Alirudi hapa kabla hata ya ile simu ya "nimefika". Kampuni ikatafuta muuguzi mwingine. Siku hizi anasafisha ndege na Rigobert.

— Na mimi? Hukuweza kuniambia hata mimi?

— Wameniwekea mikono, Velma. Kanisa zima. Ningerudi na nini?

Nilimhurumia kwa dakika moja nzima. Halafu nikakumbuka misonobari.

Alhamisi, 5 Juni

Sijalala vizuri. Natasha ameuliza baba atarudi na jiwe? Aliahidiwa jiwe la Boothia.

Kuna mawe Richfield.

Jumapili, 8 Juni

Tena nimetoa ripoti. Naandika ili nijue ninafanya nini: ninajua hayupo Boothia, na ninatoa ripoti.

Nilijiambia ni kwa ajili ya Natasha. Ni kweli kidogo. Ukweli mchungu zaidi ni kwamba naipenda. Wiki nzima napika uji. Jumapili dakika tano naishi Boothia. Leo nilieleza barafu ya bahari inavyolia ikipasuka, kama mlango mkubwa wa chuma unaofunguliwa na mtu asiye na haraka. Lois alijishika kifua. Askofu hakuongeza neno, na hilo ni muujiza.

Na jioni nilimpigia Naftali — nikamfundisha! Usiseme giza. Usiseme nyota. Mti usiutaje hata kwa mfano. Ukiulizwa chakula, sema samaki. Alikuwa akijibu ndiyo, ndiyo, kama mwanafunzi. Tumekaribiana kwenye huu uongo kuliko tulivyokuwa tumekaribiana tangu Natasha azaliwe. Aibu iliyoje.

Ross yule yule, kabla ya Boothia, aliwahi kuona milima imeziba njia baharini. Akaipa jina la mkubwa mmoja wa serikali, akageuza meli. Milima haikuwepo. Wenzake hawakuiona. Nafikiri sana habari za mke wake. Nani alimtetea kule sokoni?

Ijumaa, 20 Juni

Mambo yameharibika.

Mumbi alinipitia kazini. Huyu ni binti wa Nyeri, yuko peke yake hapa, anatunza wagonjwa Plymouth, na mwajiri wake wa Plymouth ndiye anayemfadhili makaratasi ya kukaa. Miaka anasubiri. Akiiacha hiyo kazi sasa, foleni inaanza upya kutoka nyuma — na siku hizi nyuma si mahali pa kusimama.

— Aunty, sikia! Uncle Naftali amesema nafasi ya muuguzi wa pili iko. Kuanzia Agosti, mwaka mzima! Ameongea na bosi, bosi amekubali. Nipeleke notisi kazini.

Nilikuwa na mwiko mkononi. Niliendelea kukoroga.

— Amekwambia lini?

— Jana. Nilim-text, akanipigia. Aunty, mimi nimechoka kugeuza wazee. Vile unatuambia hiyo nchi kila Jumapili... nalala naota barafu!

— Barua ya ajira iko wapi?

Akacheka. Ana mwanya, akicheka unasahau swali.

— Aunty, Uncle ndiye barua. Mzee wa kanisa mzima! Sasa nimwombe karatasi kama hatujuani?

Ndivyo tulivyo. Wazungu ukiwaambia kitu wanataka sahihi. Sisi kuomba sahihi ni matusi.

Nikampigia Naftali kutoka stoo, kati ya magunia ya shayiri. Kwa nini? Akasema binti aliuliza maswali mengi: kambi ina hema ngapi, choo kikoje, nani anapika. Akaona amwambie nafasi iko ili anyamaze. Hakudhani angethubutu.

— Msichana mdogo vile, Velma! Nilidhani ataogopa.

— Kwa sababu wewe uliogopa?

Akakata simu. Netiweki ya setilaiti.

Jumapili, 22 Juni

Sikutoa ripoti. Nilikohoa. Askofu akatangaza mwenyewe: Jumapili ijayo tunamwekea mikono dada yetu Mumbi, mpelelezi wa pili! Vigelegele. Mumbi alilia. Alinitafuta kwa macho, na nilikuwa natafuta kitu chini ya kiti.

Nilimwambia Naftali mwambie wewe, ni kinywa chako. Ameahidi Jumatatu.

Alhamisi, 26 Juni

Jumatatu imepita. Jumanne imepita. Jana aliniambia anatafuta maneno. Mtu aliyepata nyota Boothia mwezi wa Mei anatafuta maneno!

Jumamosi, 28 Juni

Nimemwambia mwenyewe.

Nilimchukua Mumbi baada ya zamu yake, tukakaa garini kwenye paking ya duka, Hopkins. Joto, vioo chini, mwanamume mmoja akisukuma matoroli. Nikasema yote. Ndege ndogo, miguu kuganda, kochi la Rigobert, kusafisha ndege. Nafasi hakuna, bosi hakuna, Agosti hakuna. Usipeleke notisi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atalia. Akatabasamu — bila mwanya, mdomo umefungwa.

— Aunty, juzi ulituambia vile barafu inalia. Mlango wa chuma. Nani alikwambia?

— Nilisoma.

— Ulisoma.

— Maktaba, hapo tu. Nitakuonyesha kitabu.

— Na ng'ombe? Na jua linazunguka halilali? Na mimea inaogopa kuonekana? Hizo zote ulisoma? Aunty, mimi nimesoma nursing miaka minne, sijawahi kusoma kitu nikaongea hivyo. Hayo ni mambo mtu ameambiwa na mtu ameona.

Nikasema Mumbi, kuna giza? Naftali aliniambia giza limeingia, tarehe ishirini na tisa Mei, na Boothia...

— Aunty. Wacha nikuulize, usikasirike.

Hapo nilijua. Mwanamke akikwambia usikasirike, ameshakuchoma.

— Unaogopa mimi kukaa kambi moja na mume wako, si ndiyo? Sema tu. Mimi si mtu wa hivyo. Uncle ni kama babangu.

Nilicheka. Kosa! Alikiona kicheko akakihesabu kuwa ni jibu. Akafungua mlango, akasimama nje, ameinama dirishani, na adabu zake zote.

— Nitakuombea, Aunty. Notisi napeleka Jumatatu.

— Twende Richfield basi! Sasa hivi, ukamwone!

— Nikaone nini? Buti?

Nilikuwa nimemwambia habari za buti. Akasema dukani ziko nyingi, hata Rigobert ana miguu.

Akaenda kungoja basi. Hakutaka hata nimpeleke.

Kwa hiyo mimi, niliyefungua mdomo miaka kumi na minne bila kusikilizwa, nimeaminiwa mara moja tu — kwenye uongo. Ukweli nimeusema vibaya. Sina kipaji nao.

Nimetoka hapo moja kwa moja hadi kwa Rigobert. Nilimwambia Naftali: hakuna maneno, hakuna simu. Mwili. Kesho unaingia kanisani kwa miguu yako kabla hawajamwekea mikono, au namletea Askofu na kwaya yote hapa kwenye kochi. Rigobert alizima televisheni, akasema:

— Enda, ndugu. Hapa kwangu hakuna Aktiki.

Naftali amesema sawa.

Jumapili, 29 Juni

Paking ya kanisa. Naandika juu ya usukani.

Nilimchukua Richfield asubuhi. Amevaa suti ya Rigobert, mikono imeishia kati ya kiwiko na kifundo. Njiani ameniuliza jambo moja tu: Natasha atakuwa ndani? Yuko ndani. Alikuja na Lois, anaimba na vijana. Hajui. Nilitaka kumwambia jana, nikaona kama sauti yangu ilishindwa kwa Mumbi, kwake je?

Tumefika wakati wa sifa. Nikazima gari. Naftali, kiti cha nyuma, akafungua mkanda, akaona watu mlangoni — akateleza. Taratibu, kama maji. Sasa yupo chini, kati ya kiti cha mbele na cha nyuma, mwanamume wa kilo mia, kichwa chake kimeegemea ndoo yangu ya chapati.

— Baada ya ibada, Velma. Watu wakipungua.

— Baada ya ibada watakuwa wameshamwekea mikono.

— Sasa si mikono tu?

— Wewe unajua mikono inafanya nini.

Nasikia anapumua kwenye zulia la gari.

Madirisha ya kanisa yako wazi kwa ajili ya joto. Namsikia Askofu kwenye spika: dada yetu Mumbi, piga magoti hapa mbele. Mama yetu wa ripoti yuko wapi? Mama Natasha! Anaitafuta sauti yangu kumpamba mtoto wa watu.

Ningeingia peke yangu. Ningesema. Wangeniambia pole, wangenikalisha, wangeniletea maji. Maskini, wivu. Mumbi ameshawaomba waniombee. Lois alinitumia ujumbe asubuhi, umejaa mistari ya faraja.

— Naftali, inuka.

— Miguu imekataa, Velma. Kweli tena. Siyo mchezo.

Namwamini. Ndilo jambo baya zaidi, namwamini.

Lois ametoka nje. Anaangaza macho, ameliona gari. Anakuja, amekunja gauni mkono mmoja, ananipungia mwingine. Anataka chapati. Wanapanga meza ya kumuaga Mumbi na chapati ni zangu, ziko nyuma.

Naftali ameona kivuli chake. Amenyoosha mkono, amefunga mlango kwa ndani. Tak.

Kwenye mlango wangu kuna kibonyezo cha milango yote. Nimefungua.

Amefunga.

— Velma, tafadhali. Mama ya mtoto wangu. Tafadhali.

Lois amefika. Anaongea huku anacheka, kioo kimepandishwa na spika zinamfunika, simsikii, ananionyesha kwa kidole nyuma, ndoo, ndoo. Ameshika kitasa. Ndani wameanza ule wimbo wa kuwekea mikono.

Naandika kwa mkono wa kulia. Wa kushoto uko mlangoni. Nimefungua tena, na safari hii kidole nimekiacha hapo hapo.